Mama Yake Nani? Kutafuta Gari kutoka Kishapu hadi Geita

Nyumbani kwa baba yangu, Mzee Luhende, nje kidogo ya Mhunze, ng'ombe aliyenunuliwa haingii zizini hivi hivi. Aliyemleta husimama naye langoni, na mdogo wake baba huuliza kwa sauti inayosikika mpaka jikoni: "Mama yake nani?" Aliyemleta hujibu mama yake yuko kwa nani, ana maziwa kiasi gani, miguu yake ikoje, na kama aliwahi kutupa mimba. Jibu likiridhisha, baba husema, "Basi na aingie," na fito za lango huondolewa. Lisiporidhisha, ng'ombe hulala nje, na aliyemleta hula ugali wake bila kusemeshwa na mtu. Sijui kama nyumba nyingine hufanya hivyo. Kwetu tumekuta hivyo, na mimi ni mmoja wa wanaojivunia.

Msimu huu baba aliamua kununua gari. Goti lake limekataa pikipiki, na mnada wa ng'ombe hawezi kuuacha, kwa sababu asipokwenda mnadani anaugua kabisa. Mama naye anapelekwa kliniki ya macho Shinyanga kila mara. Gari alilolitaka alikuwa amekwisha kulichagua kwa macho: lile dogo lililoinuka, ambalo si jipi kamili wala si saluni, ambalo walimu wakuu, wachungaji wa kanisa na wanunuzi wa dengu wanalo. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, maana haikunituma wala kunipa hata mafuta. Msomaji wa huku kwetu atalijua tu. Limetolewa kwa vizazi kadhaa: lile la kwanza fupi, la kati lenye tairi mgongoni, na hili jipya la sasa lenye macho membamba kama limenuna.

Swali lilikuwa, tuchukue kizazi gani? Lilikuwa swali zito kwa sababu gari lingelipwa kwa ng'ombe wa uzao wa Mbina. Mbina alikuwa ng'ombe wa bibi yangu. Alipewa jina hilo, ambalo kwa Kisukuma ni ngoma, kwa kuwa kila alipofunguliwa asubuhi alirukaruka kama yuko ngomani. Uzao wake ndio uliotusomesha, ndio uliotuvusha miaka ya ukame. Tukinunua gari jipya kabisa, uzao wote wa Mbina ungekwenda mnadani. Tukinunua lililotumika, wangekwenda wachache. Tukinunua lililochoka, hao wachache wangekuwa wamepotea bure, na ng'ombe wa Mbina akishauzwa harudi.

Baba mdogo Mabula alitaka aende yeye kulitafuta. Baba akasema, "Ataenda Kabula."

Kabula ni mimi, afisa mifugo wa kata. Ng'ombe wa baba mdogo nimewachanja mwenyewe. Lakini siku ile alicheka mpaka akashika ubavu. "Kaka, kuchoma sindano ni kazi. Kuchagua ni jambo la wanaume."

"Ataenda Kabula," baba akarudia. Kisha akanigeukia. "Usiniletee mtamba ambaye hukumwona mama yake. Na bibi yake kama yu hai, umwone."

"Baba, gari halizaliwi."

"Kila kitu kina kilikotoka. Nenda kaangalie."

Moyoni nilivimba. Mimi ni mtu wa majivuno, sikatai, na nimeyarithi kwake yeye mwenyewe. Lakini pamoja na majivuno niliogopa, kwa sababu nilijua nani atasimama langoni siku ya kurudi na swali gani ataniuliza.

MHUNZE, asubuhi ya mvua. Mama alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, kana kwamba Geita hakuna chakula. Udongo wetu ni wa mbuga, mweusi, ukiloa unakamata gurudumu na kulishikilia mpaka jua litoke. Kati ya nyumba yetu na barabara kuna kipande cha mbuga hiyo, na kila mwaka kinalala na gari la mtu. Nilikivuka kwa miguu, viatu mkononi, nikakiangalia kwa macho mapya. Gari lolote nitakalolileta lingepita hapa.

SHINYANGA MJINI. Nilipitia kwanza kwenye uwanja wa magari, kwa sababu kila mtu aliniambia nianzie pale. Muuzaji, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, alinionyesha gari la kizazi cha kati linalong'aa kama sahani ya harusi.

"Hili limetoka Japani juzi tu, dada. Halijawahi kuguswa na Mtanzania."

"Nani alikuwa nalo huko?"

"Mjapani."

"Mjapani gani? Alikuwa analitunzaje?"

Akanitazama kama nimeuliza namba ya simu ya mfalme. Nikapiga goti, nikachungulia chini. Chini ya gari ndiko kwenye ukweli wake, kama ilivyo kwa kwato za ng'ombe. Mtu alikuwa amepaka rangi nyeusi mpya kila mahali, mpaka kwenye boliti. Nikakwaruza kidogo kwa ufunguo, kutu ikadondoka kama unga wa muhogo. Inasemekana huko kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi hula chuma. Rangi ile haikupakwa kwa upendo. Nilimshukuru kijana nikaondoka, kwa kuwa sikutoka Mhunze kuja kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

KAHAMA, mchana. Basi lilipita Tinde na Isaka, mashamba ya mpunga yakiwa yameanza kushika maji. Kahama ni mji unaokimbia. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, unapoinuka wameshajenga ghorofa. Nilikula wali na samaki, nikapanda gari la kwenda Kakola, na kabla ya jioni nikaona minara ya mgodi wa Bulyanhulu juu ya miti.

KAKOLA. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Neema, rafiki yangu tangu shule, kwao Meatu. Anaendesha lori kubwa la kubeba mawe ya dhahabu chini ya ardhi. Nataka hili lisomwe vizuri: mwanamke wa Meatu, binti wa wafugaji kama mimi, anashuka kila zamu kwenye tumbo la dunia na kupanda na mawe yanayowekwa kwenye pete za watu wasiomjua. Nikimtaja kwa watu huwa nanyoosha shingo.

Gari lake lilikuwa la kizazi cha kati, la fedha, tairi la akiba mgongoni. Analiuza, kwa sababu anajenga nyumba kwao na nyumba imefika kwenye mabati.

"Ng'wana Luhende, umekuja kutazama mama wa gari?" aliniuliza huku akicheka. Nilikuwa nimemsimulia kwenye simu.

"Ndiyo. Nione mama, nione bibi, nione binti."

"Basi huyu hapa ndiye mama. Mkague."

Nilimkagua. Chini kulikuwa na vumbi na matope ya kawaida, bila rangi ya uongo. Nilivuta kijiti cha oili: ya rangi ya asali, safi. Oili ya giaboksi ilikuwa nyekundu, haikunuka kuungua. Injini yake haitumii mkanda wa taiming wa kubadilishwa kila baada ya muda, inatumia mnyororo, na mnyororo ukipewa oili safi haugombani na mtu. Giaboksi ni ile otomatiki ya zamani yenye gia za kuhesabika, inayorekebishika hata Kahama. Kuna kitufe cha kufunga magurudumu manne yavute kwa pamoja. Kasoro zilikuwepo, naye alizitaja mwenyewe kabla sijaziona: usukani unagonga kidogo kwenye mashimo, bushi za mbele zinakaribia kwisha, na mafuta linakunywa kuliko wadogo zake.

"Tulizungushe hapa kanisani nilisikie?" nikauliza.

Mama Neema aliguna. "Gari halijaribiwi kwa kuzunguka kanisa. Nina siku za mapumziko. Shika usukani, twende nalo Nyarugusu kwa shangazi yako kumwona bibi, tufike Geita kumwona binti. Likikuudhi njiani, tutarudi tunagombana."

NJIANI KUELEKEA NYARUGUSU. Tuliondoka kulipopambazuka vizuri. Barabara ya lami iliisha, ikaja ya vumbi jekundu, kisha njia iliyokatwa na malori na pikipiki za wachimbaji. Hapo ndipo gari lilipojieleza. Linapanda bila kelele, linakaa imara kwenye kona, na kiti chake hakikuachi na mgongo unaolia. Usukani uligonga, kama alivyosema. Kiyoyozi kilipoanza kutoa harufu ya vumbi, Mama Neema alifungua kasha la mbele, akachomoa kichujio, akakikung'uta dirishani, akakirudisha, bila hata kukatiza hadithi aliyokuwa akisimulia.

Mbele kidogo, tairi la kulia likatoboka. Mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ninazotumia kuchanjia. Tulishuka, tukashusha tairi la mgongoni, ambalo ni kamili, sawasawa na mengine manne, tukalifunga. Wachimbaji wawili waliokuwa wakipita na pikipiki walisimama kutusaidia, wakakuta tumekaza boliti ya mwisho.

"Aisee, mama zangu, mmemaliza?" akasema mmoja.

"Mlitaka tuwasubiri?" Mama Neema akajibu, na wote wakacheka.

NYARUGUSU. Shangazi Minza, dada yake baba, anauza chakula kwa wachimbaji. Maji yake ya kunawa yanabaki mekundu mchana kutwa, na karasha, zile mashine za kusaga mawe, hazinyamazi jirani yake. Mbele ya banda lake lilisimama gari la kizazi cha kwanza, fupi, la milango mitatu, rangi ya kijani upande mmoja na bluu upande mwingine.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huyo kaka yangu hawapi maziwa?" Alipoambiwa nimekuja kuona gari, alijifuta mikono kwenye kanga akasimama wima kama anapigwa picha. "Huyo ndiye bibi. Amebeba mawe kutoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, miaka ile wajomba zako wanachimba, amebeba bibi harusi, amebeba mizoga, sasa anabeba mchele wangu na ndizi. Hajawahi kunilaza njiani."

Ya kale ni dhahabu, nilijisemea, na pale Nyarugusu msemo huo una uzito wake. Nikawasha injini. Ikanguruma mara moja, kwa furaha. Ni gari jepesi, gia zake za mkono, na magurudumu yote manne yanavuta wakati wote bila kubonyeza kitu. Lilipanda kichuguu cha mawe nyuma ya banda kama mbuzi. Lakini mlango ulikuwa unafungwa kwa kamba, sakafuni niliona ardhi ikipita, na hakuna hata mfuko mmoja wa hewa wa kumkinga mtu akigonga. Mama yangu nisingempandisha humo kwenda Shinyanga.

Nilipofungua boneti, nikashangaa. "Shangazi, hii injini si ya gari hili."

"Ni ya tatu hiyo. Giaboksi tulitoa kwenye gari lililopinduka. Mlango huu wa bluu ulitoka Mwanza. Viti ni vya basi dogo."

Nikasimama na boneti mkononi. Nimesafiri kutoka Kishapu kuja kumwona bibi, kumbe bibi ana figo za huyu, moyo wa yule, na meno ya jirani. Ningemwambia nini baba? Ukoo gani huu?

"Sasa shangazi, hili ni lile lile kweli?"

"Ni lile lile," akasema, akinishangaa mimi badala ya gari. "Si mimi ni yule yule?"

Akatuwekea wali na maharage, akakataa kuzungumza habari za gari mpaka tumalize. Neno lake lilikuwa limenikaa mahali, lakini sikuwa nimelielewa bado.

GEITA MJINI, alasiri. Gari jipya tulilikuta kwa Bwana Karim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake ndiye aliyefungua duka la kwanza la familia hiyo mtaani pale. Mama Neema ananunua misumari na mabati kwake. Alitupokea kwa chai ya maziwa yenye iliki, akauliza habari za mvua Kishapu na bei ya dengu, kisha ndipo akatupeleka uani. Gari lilifunikwa kwa turubai la kitambaa. Alilifunua polepole, nami nikasogea karibu kabla hajamaliza.

"Endesha," akasema.

"Mimi?"

"Umetoka mbali, mwanangu. Endesha."

Niliendesha mpaka nje ya mji na kurudi. Jamani, nililipenda. Linaanza kwa umeme, kimya kabisa, mpaka nikafikiri halijawaka. Mafuta linayalamba tu. Kioo kikubwa kinakuonyesha nyuma, kinakuonyesha pembeni, na ukielekea kutoka kwenye mstari wako linakukumbusha kwa adabu. Nilijiona nikiingia nalo Mhunze, baba mdogo Mabula akiwa amesimama langoni mdomo wazi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilikwisha kuwahesabia ng'ombe wote wa Mbina njia ya mnadani, na sikusikia hata uchungu. Hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Tuliporudi nilimwuliza, "Tairi la akiba liko wapi?"

Bwana Karim akafungua nyuma, akainua zulia. Kulikuwa na kichupa cha gundi na pampu ndogo. "Langu lilikuja hivi."

Mimi na Mama Neema tukatazamana. Nilikuwa bado na udongo wa kubadilisha tairi kwenye kucha.

"Mimi silitoi kwenye lami," akasema Bwana Karim. "Likitaka kuangaliwa, nalipeleka Mwanza kwenye kompyuta. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, ina tundu la kuvuta hewa, na tundu hilo halitaki vumbi. Mke wangu anasema namtazama yeye mara moja nikilitazama gari mara tatu. Ni gari zuri sana, sikudanganyi. Sasa niambie na wewe: huko kwenu nani atakuwa analitazama?"

Njia nzima nilikuwa nikiwaza habari ya kuchagua. Nilidhani nitachagua, nitalifikisha, nitapokea sifa zangu na kurudi kwenye pikipiki yangu. Baba haendeshi gari. Baba mdogo anaendesha kama anafukuza fisi. Nani angelitazama?

Nilikaa kwenye ngazi ya duka, nikiwatazama watu wakitoka na saruji mabegani, na maneno ya Shangazi Minza yakanirudia. Gari lake limekwisha kubadilishwa viungo vyote, na bado ni lile lile, kwa sababu mkono ni ule ule. Gari la Bwana Karim ni zima kwa sababu yeye halali bila kulifunika. La Mama Neema lina oili ya rangi ya asali kwa sababu Mama Neema ni Mama Neema. Na lile la Shinyanga lilioza kwa kukosa mtu. Ng'ombe humrithi mama yake. Gari limrithi nani, kama si mwenye nalo?

Nilinyanyuka nikamwambia Mama Neema, "Nalitaka lako."

"Na mtunzaji?"

"Ndiye anayesema na wewe."

Akanitazama kama anayeozesha. "Basi sikiliza. Nilipe sehemu kwa mitamba. Njia nzima umenisifia huyo Mbina, na mama yangu kule Meatu ana zizi jipya lisilo na kitu cha kujivunia. Lakini nitawakagua mwenyewe. Na mama zao niwaone."

Nilicheka mpaka Bwana Karim akatoka dukani kuuliza kulikoni. Uzao wa Mbina haungechinjwa mnadani. Ungehamia Meatu, kwa watu wanaojua kuuliza.

KURUDI. Tulipitia Kakola, tukalala, na asubuhi fundi wa Mama Neema akabadilisha bushi za mbele mimi nikiwa nimelala chini ya gari pamoja naye, nikiuliza kila kitu. Kahama nilinunua kichujio cha akiba na oili. Shinyanga tulipita mbele ya ule uwanja wa magari, na nikapiga honi bila sababu yoyote ya maana.

MHUNZE tena, jua likiwa bado juu. Mvua ilikuwa imenyesha, na kile kipande cha mbuga kilikuwa kinameremeta. Upande wa pili niliwaona watu wa nyumbani wamekusanyika, na mbele yao baba mdogo Mabula na maksai wake wanne, wameshafungwa nira, mnyororo umelala tayari kwenye nyasi. Alikuwa amejiandaa kunikwamua. Ameoga kabisa na kuvaa kofia.

Nilizima injini, nikashuka, nikavua viatu, nikakata fimbo. Ndivyo mchungaji afanyavyo kabla hajapitisha ng'ombe mwenye mimba: kwanza anapita yeye. Nilivuka taratibu nikichoma udongo kwa fimbo, pale penye majani magumu panashika, pale panapong'aa panadanganya, nikachomeka vijiti nilipotaka magurudumu yapite. Baba mdogo alikuwa akipiga kelele kutoka ng'ambo, "Kabula, unatafuta nini huko, uyoga?" Nilirudi, nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi, nikabonyeza kitufe cha kufunga magurudumu manne, nikaingia kwa mwendo mmoja bila kukanyaga breki wala kuongeza moto.

Katikati likayumba. Mkia ulitaka kwenda kwake. Niliuacha uyumbe, nikashikilia usukani kwenye vijiti vyangu, nikasikia magurudumu yanatafuta, yanatafuta, yanapata. Tukatoka. Tuliwapita maksai wa baba mdogo wakicheua, na mmoja akageuza kichwa kututazama. Wanawake walipiga vigelegele, mama juu kuliko wote, na yeye ndiye asiyeona vizuri.

Nilisimamisha gari langoni. Fito zilikuwa bado zimefungwa.

Baba alikuja na fimbo yake. Alilizunguka gari polepole, akalipapasa ubavuni, akainama kwa lile goti lake bovu akachungulia chini, akaniambia nifungue boneti, akavuta kijiti cha oili kama nilivyomfundisha kwenye simu, akakinusa. Alimsalimu Mama Neema kwa Kisukuma, akamwuliza habari za Meatu, akarudi kusimama mahali pake.

Baba mdogo alikuwa amefika, matope mpaka magotini, mnyororo begani. Ilikuwa zamu yake, na hakuiacha ipite. Alikohoa, akapaza sauti isikike mpaka jikoni:

"Mama yake nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumtaja yule bibi wa Nyarugusu mwenye moyo wa kuazima, au binti wa Geita chini ya kitambaa chake, au mkono wa Mama Neema aliyekuwa ubavuni kwangu. Nilimtazama baba, ambaye alinituma mimi mbele ya wanaume wote wa ukoo, na nikaona hatazami gari hata kidogo. Ananitazama mimi, matope yangu, fimbo yangu, kama anavyotazama ng'ombe ambaye amekwisha kumwamulia.

"Mama yake ni mimi," nikasema.

Baba mdogo akageuka kumtazama kaka yake, asikie kama jibu la namna hiyo linakubalika.

"Huyo namjua," baba akasema. "Na bibi yake namjua. Basi na aingie."

Na baba mdogo Mabula, kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kuondoa fito.